Kumtaja Zuberi

Kasambula, 9 Juni 2024

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa mzima, nimekula, na nguo zangu ni kavu, kwa hiyo maswali yako ya kwanza nimeshayajibu. Nisalimie wifi Aicha, na yule mbuzi wako mkorofi anayekula sabuni. Barua hii anakuletea Aganze, motari wa Bukavu anayebeba bidhaa kwa pikipiki yake kati ya Salamabila na Kasongo. Mpe chai, ila usimpe nafasi ya kuanza hadithi, maana hamalizi.

Kambi yetu iko bondeni chini ya kilima cha Kasambula na simu hazishiki kabisa. Najua hilo halikusikitishi. Wewe na simu mlishaachana zamani.

Siku naondoka ulinitania kwamba mtu aliyesomea kilimo anakwenda mgodini kulima dhahabu. Basi nikueleze. Kampuni inataka kufungua hapa mgodi mkubwa wa mashine. Kabla haijaruhusiwa, lazima ijulikane ardhi yote ya kuzunguka inafaa nini: wapi muhogo utakubali, wapi mpunga, wapi hapakubali kitu. Tunapita kipande kwa kipande na tarieri, kile chuma kirefu cha kutobolea ardhi, kinachozungushwa kwa mikono miwili. Penye mashaka tunachimba shimo la kusimama mtu, ninaingia humo na kuusoma ukuta wake, udongo una kina gani, changarawe inaanzia wapi, maji yanapita au yanatuama. Mwisho kila kipande kinapewa daraja. Kinafaa, kinafaa kidogo, au hakifai, na sababu inaandikwa pembeni. Kwenye vile visivyofaa ndiko kampuni itaruhusiwa kumwaga mawe yatakayotolewa chini. Milima ya mawe, Mama, si kichuguu.

Wiki iliyopita tuliacha shimo moja wazi ili tuendelee kesho yake. Asubuhi tukakuta watu wa kijiji wamelaza shina la mgomba ndani na kulifukia nusu. Mkuu wetu, Enjenieri Ilunga, mtu wa Lubumbashi, alikasirika akidhani wanaiharibu kazi. Mama anayetupikia, Léocadie, ndiye aliyemwambia: "Shimo ya urefu wa mutu haiachwi wazi, patron. Itatafuta mutu wayo. Tumeipatia mugomba, itulie." Nilicheka sana. Halafu kicheko kikaniishia, na wewe unajua kwa nini.

Nilipokuja huku nilipita Salamabila, mji ambako mwanao, yaya Zuberi, alitutumia salamu zake za mwisho. Hukuniagiza nimuulizie, nami sikuuliza. Tuache hivyo.

Mtoto wako,
Soraya


Kasongo, 27 Juni 2024

Soraya,

Aleikum salaam. Aganze amefika, amemaliza birika zima la chai na kunisimulia ndoa za dada zake wote. Kijana mzuri. Sisi hatujambo. Soko limelala kidogo, samaki wa Nyangwe wanakuja ila mafuta ya mawese yamekuwa adimu. Mbuzi amekula kona ya mkeka wa msikitini. Imamu alikuja mwenyewe kulalamika, nikamwambia ashukuru, huyo ndiye mbuzi pekee wa Kasongo mwenye dini.

Aicha anashona. Cherehani anaipiga tangu alfajiri kama mtu anayefukuzwa. Kuna fundi baiskeli, mjane, anayeleta suruali ileile kila wiki ishonwe palepale. Suruali hiyo sasa ni uzi mtupu. Mimi sisemi kitu. Wifi yako ni mke wa mtu. Chumba cha mume wake nimekifunga, ufunguo ninao, na mwenye chumba akirudi atakikuta kama alivyokiacha.

Huyo Léocadie mwambie apike. Habari za migomba sitaki kuzisikia, na unajua kwamba sitaki, kwa hiyo sijui kwa nini umeziandika. Kuhusu Salamabila umefanya vizuri. Wewe ulisomea udongo. Angalia udongo.

Nakutumia kikwembe cha kujitanda, maana baridi ya kiangazi haina adabu.

Mama yako,
Amisa


Kasambula, 19 Julai 2024

Mama,

Salamu nyingi kwako na kwa Aicha. Kikwembe kimefika, nakivaa kila jioni. Nilishikwa na homa, imepita. Muhogo wa huku ni mtamu kuliko wa kwetu, lakini usiwaambie wenzako sokoni.

Kuna jambo lazima nikuandikie. Nimejaribu kutoliandika nimeshindwa, hata kulala silali vizuri.

Upande wa mashariki wa kilima kuna kipande cha majani mafupi, ukikitazama utasema ni shamba zuri. Nilitoboa mwenyewe. Udongo wa huku kwa kawaida ni mweusi juu, kisha mwekundu, kisha changarawe. Pale changarawe na udongo mwekundu vilikuwa juu kabisa, na mweusi uko chini yake, una mizizi iliyooza. Umegeuzwa kama godoro. Udongo haujigeuzi wenyewe. Ni watu waliotoa vitu vya tumboni mwa kilima wakavimwaga mgongoni. Nikaendelea kuzungusha. Ghafla tarieri ikaniponyoka, ikazama yenyewe mpaka mpini, nikaiangukia kwa kifua. Chini palikuwa patupu.

Léocadie alikuwa ameleta chakula. Akaweka sufuria chini, akaniambia nitoke polepole na nisikanyage kwa nguvu. Tulipofika mbali akanieleza kwamba ni shimo la wachimbaji. Liliporomoka miaka kadhaa nyuma, mwezi wa Ramadhani, na hakuna aliyetolewa. Yeye alikuwa akiwauzia mikate. Asubuhi ile mmoja wao hakula, alimwomba amwekee mkate wake mpaka jua lizame. Alikuwa kijana mrefu wa Kasongo, anayevuta mguu wa kushoto.

Sikumuuliza, Mama, nakuapia. Amesema mwenyewe, hajui mimi ni nani. Mguu ule uliukanda wewe kwa mikono yako, tangu yaya Zuberi alipoanguka na baiskeli njia ya Nyangwe hadi aliposimama.

Naogopa kupita pale, na kazi inanirudisha palepale. Niandikie. Niandikie lolote.

Soraya


Kasongo, 6 Agosti 2024

Soraya,

Aleikum salaam. Barua imefika. Homa usiichezee, kapime malaria. Chumvi imepanda bei. Régina wa jirani ameolewa, wali ulikuwa mwingi na nyama ilikuwa ngumu. Mbuzi amezaa mapacha. Nakutumia ndakala, dagaa wakavu, na sabuni. Aicha anakusalimu.

Mguu wa kushoto wanauvuta watu wengi.

Mama yako,
Amisa


Kasambula, 20 Agosti 2024

Mama,

Nakusalimu. Ahsante kwa ndakala. Ahsante kwa sabuni. Hongera kwa mapacha. Barua yako niliigeuza upande wa pili nione kama kuna neno lililobaki huko. Hapakuwa na kitu, na nimekasirika, nakuambia wazi ili usije ukasikia kwa Aganze.

Sasa nisikilize, maana muda unatuishia. Kazi inafungwa kabla ya mvua na kile kipande lazima nikipe daraja. Nikisema kinafaa, zitahamishiwa hapo familia zitakazoondolewa kwenye njia ya mashine, na siku moja mwanamke atapiga jembe azame na mtoto mgongoni. Siwezi. Kwa hiyo nimesema ukweli, kwamba hakifai, kimefukuliwa, chini ni kitupu. Na ukweli huohuo ndio unaowapa ruhusa ya kumwaga mawe juu yake. Ni mkono wangu, Mama. Marehemu baba aliuza ng'ombe nisome, nami nimesoma ili nimfunike kaka yangu kwa mawe ya kampuni.

Nilimwendea Enjenieri Ilunga nikamwambia yote. Alivua miwani akaipangusa. Kisha akasema iko njia moja. Makaburi hayaguswi. Lakini shimo lililoporomoka halihesabiwi kuwa kaburi mpaka ndugu wa waliomo wasimame pale, mbele ya shefu wa grupema, yaani chifu wa vijiji hivi, na watu wa kampuni, wamtaje mtu wao kwa jina na kusema kwamba amekufa na yuko hapo. Lazima awe mzazi, mke au mume. Nilijitolea mimi, wakakataa. Mimi ni dada tu, tena ni mtu wa kazi hii, siwezi kushuhudia kipande ninachokipima. Familia mbili za Kabambare zimekubali. Kampuni inalalamika kwamba hizo ni chache mno kwa kuhamisha mahali pa mawe. Ikitokea ya tatu, shefu ameapa hatakubali tena mjadala.

Ni Jumamosi, tarehe 14 Septemba. Njoo, Mama. Nitakutafutia motari asiye na haraka. Au niambie kwa mkono wako kwamba hutaki. Ila usiniandikie tena habari za mbuzi.

Soraya


Kasongo, 9 Septemba 2024

Soraya,

Umekataza mbuzi, nitaandika bila mbuzi. Salamu hukuzikataza, kwa hiyo nakusalimu.

Sitakuja.

Simu ile ilipolia nilikuwa nachambua mchele. Mwanaume nisiyemjua akasema, "Mama, shimo imeanguka," kisha ikakatika. Hakusema nani yumo. Hakusema nani amekufa. Niliipigia namba ile mpaka ikawa ya mtu mwingine, binti mmoja wa Kindu, ambaye alinihurumia akawa ananipokea tu na kunisikiliza. Baba yako mdogo Moussa akaniletea uani shina la mgomba limevikwa sanda, ati tulizike mahali pa mtu, tusome hitima, tumalize. Wewe ulikuwa chuoni, hukuona. Nililikatakata kwa panga mbele ya wageni nikawapa mbuzi. Haya, wamerudi wenyewe, si kosa langu. Watu walisema nimerukwa na akili. Sikurukwa. Ningezika mgomba, halafu yeye atokee barabarani na mfuko wake begani, ningemtazama kwa macho gani?

Unataka nisimame mbele ya watu wa kampuni nimseme mtoto wangu kwamba amekufa. Nimejaribu, usidhani sikujaribu. Nimejaribu jikoni, peke yangu, mlango nimefunga. Neno halitoki. Wakimwaga mawe yao, wamwage. Kama hayumo, mawe hayamdhuru. Na kama yumo

Hapo niliachia asubuhi. Nimekwenda sokoni na kurudi, na bado sina cha kumalizia.

Motari wamekuwa wa shida, kwa hiyo barua hii anakuletea Aicha. Nilimsomea yote uliyoandika. Kazi ya kushona imepungua, acha atembee kidogo, aione nchi. Nimempa kikwembe cheupe ajifunike, huko kwenu kuna vumbi.

Mama yako,
Amisa


Kasambula, 15 Septemba 2024

Mama,

Asalaam aleikum. Aicha alifika Ijumaa jioni, salama, vumbi mpaka kwenye kope. Nilisoma barua yako mbele yake. Nilipomaliza nikamwambia kwamba umekataa. Akasema, "Najua. Lakini ni miye amenituma." Kisha akaomba maji ya kuoga.

Motari si wa shida, Mama. Aganze alikuwa Kasongo wiki ileile, na chai alikunywa kwako, ameniambia. Kwa nini umemtuma Aicha? Na ni nani anayempa mtu kikwembe cheupe kwa ajili ya vumbi?

Jana tulipanda kilimani. Nilisimama upande wa kampuni na tarieri yangu, mdomo umefungwa kama walivyotaka. Mzee mmoja wa Kabambare aliwataja wanawe wawili kwa pamoja, akaketi chini. Mama wa familia ya pili alimtaja mumewe, sauti ndogo, ikabidi arudie. Shefu akauliza kama kuna mwingine. Aicha hakusogea. Nilidhani hataweza, na sikumlaumu. Nyuma yangu wanaume wa Salamabila walikuwa wanasemezana kwamba huyu mwanamke ametoka mbali kuja kumuua mume wake kwa mdomo ili aolewe. Hawakujali kushusha sauti. Alisikia.

Akatoka mbele, akavua viatu, akasema: "Miye ni bibi ya Zuberi Ramazani, wa Kasongo. Nilimungojea. Amekufa, iko hapa. Musimumwangie mawe."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na Enjenieri Ilunga akanipokea tarieri. Léocadie alimfuata Aicha akamshika mkono, wakakaa pamoja mpaka watu wote wakashuka.

Kipande kimezungushiwa kamba, uzio utafuata, na watasimamisha kibao chenye majina. Mawe yatapelekwa upande wa magharibi, kwenye mwamba. Katika ramani nimeacha daraja lilelile, hakifai. Mahali pa sababu sikuandika changarawe wala mteremko. Nimeandika: watu.

Aicha anarudi na barua hii. Anaogopa. Alitaka apitie kwanza kwa mama yake, asikilize wewe umesemaje, ndipo aje. Nimemwambia aje moja kwa moja kwako, kwamba utampokea. Usinifanye mwongo.

Soraya


Kasongo, 24 Septemba 2024

Soraya,

Aleikum salaam, mwanangu. Mvua ya kwanza imenyesha, na bati la jikoni limevuja kama kawaida yake.

Aicha amefika juzi, matope mpaka magotini, akasimama nje ya ua kama mgeni. Sikumuuliza kitu. Nilimpokea mfuko nikampeleka kwenye kile chumba cha mumewe. Nilikuwa nimekifungua siku ileile aliyoondoka, nikatoa vumbi, nikaanika godoro. Atakaa eda yake humo, si kwa mama yake. Wamekuja wanawake wa kuuliza nani kasema nini kilimani, nimewarudisha mlangoni na majani yangu ya sombe mkononi. Wanaosema amemuua mtu kwa mdomo nimewaambia waje wayaseme mbele yangu. Hawajaja. Fundi baiskeli amekuja pia. Nimemwambia aende zake, na eda ikiisha arudi na wazee wake, si na suruali. Alinishukuru.

Baba yako mdogo Moussa ametangaza hitima, Ijumaa baada ya sala. Nitapika wali mimi mwenyewe, sitaki kusaidiwa. Usiku nalia, mchana nafanya kazi. Nakuambia ili usije ukasikia kwa Aganze.

Umeniuliza kwa nini nilimtuma Aicha. Yeye bado ana maisha mbele yake, na mimi nina kinywa ambacho kilinishinda. Basi.

Lakini nina neno na hao watu wa kibao. Aicha amenieleza alivyosema, na amemtaja nusu. Simlaumu, alikuwa anaogopa. Nenda uwaambie waandike jina lote: Zuberi Ramazani Bakari, mtoto wa Amisa. Waandike na kwamba amekufa. Wakiuliza nani amesema, waambie ni mama yake.

Amisa